Zebaki kwenye samaki wa Kanda ya Ziwa: tasnifu huharibikia mwaloni, si maabara

Kanda ya Ziwa, neno mwalo lina kazi mbili. Kwa mvuvi ni pale mitumbwi inapofika na samaki kuuzwa. Kwa mchimbaji mdogo wa Geita ni pale mchanga uliosagwa kwenye karasha unapooshwa ili dhahabu ibaki. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuunganisha mialo hii miwili, yaani kuonyesha kwamba zebaki ya kukamatia dhahabu inaishia kwenye samaki, huona kazi ni nyepesi: nunua sangara kumi, peleka maabara, linganisha na kikomo cha biashara, miligramu 0.5 kwa kilo. Majibu yanarudi, yako chini ya kikomo, na tasnifu haina la kusema zaidi ya hapo. Mashine haikukosea. Samaki ndiye aliyeulizwa swali lisilo lake.

Tuanze na zebaki yenyewe, kwa sababu inayomwagwa si ileile inayoliwa. Mchimbaji hutumia zebaki ya metali, ile inayometameta na kukimbia kwenye karai. Samaki akiimeza ikiwa hivyo, sehemu kubwa humpita tu. Ili ipande kwenye mnyororo wa chakula lazima igeuzwe kuwa methilizebaki, na wanaoigeuza ni bakteria wa kwenye tope lisilo na oksijeni, hasa wale wanaotumia salfeti. Ndiyo maana mahali penye zebaki nyingi kuliko pote si lazima pawe na samaki wachafu kuliko wote. Lundo la marudio makavu, yaani mchanga uliobaki baada ya kuoshwa, kando ya karasha linaweza kuwa na zebaki ya kutisha na lisitengeneze methilizebaki ya maana. Kinamasi cha mafunjo kilicho chini yake, chenye tope jeusi linalonuka mayai viza, ndicho kiwanda.

Ukiwa hapo, uliza pia kama marudio yanapelekwa kwenye plenti za sayanaidi, mitambo ya kuyeyushia dhahabu iliyobaki. Marudio yaliyokwisha kupitia zebaki yakitiwa sayanaidi, zebaki nayo huyeyuka pamoja na dhahabu na kuanza kusafiri na maji kwa urahisi zaidi kuliko ilipokuwa matone mazito mchangani. Vijito viwili vyenye wachimbaji idadi ileile, kimoja kina plenti na kingine hakina, si vijito vinavyofanana. Andika kwenye daftari idadi ya karasha, mialo ya kuoshea, plenti, na mahali wanapochomea zebaki. Zebaki ikichomwa wazi huingia hewani, kwa hiyo nyumba za wanunuzi wa dhahabu mjini nazo ni chanzo, ingawa hakuna kijito kinachopita mlangoni pao.

Sangara si shahidi mzuri

Tafiti za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuta sangara na sato wengi wa ziwa lenyewe wakiwa chini ya miligramu 0.5 kwa kilo. Ukirudia kazi hiyo leo kwa samaki kumi wa sokoni, utapata jibu hilohilo na hutajua kama ni kwa sababu migodi haichafui au kwa sababu umemshika samaki asiyekaa karibu na migodi. Sangara anatembea. Boti zinazomfuata hulala ziwani siku kadhaa zikiwa na barafu, kisha boti za kukusanya huchanganya mzigo wa visiwa tofauti. Sangara aliyenunuliwa mwalo wa Nungwe, Geita, si lazima awe amevuliwa Nungwe. Kama swali lako ni la mlaji, yaani watu wa hapa wanakula zebaki kiasi gani, basi mnunue, huyo ndiye anayeliwa. Kama swali lako ni la chanzo, yaani je, mgodi huu unachafua maji haya, mwache.

Kwa swali la chanzo tafuta anayezaliwa na kufia palepale. Kambare wa vijitoni na kwenye vinamasi anafaa: yupo karibu kila mahali, anavumilia maji machafu, anakula wanyama, na huhitaji chombo kikubwa kumpata. Furu wadogo wa ufukweni nao wanafaa kwa sababu wengi hawahami miamba yao, ila kuwatambua kwa jina la spishi ni shughuli pevu. Usijidanganye kwa kuandika jina la kisayansi usiloweza kulitetea mbele ya mtahini. Waite furu, piga picha ya kila mmoja akiwa bado na rangi zake, na kata kipande cha pezi ukitie kwenye ethanoli kwa ajili ya vinasaba. Mnofu wa kupima zebaki uwe kwenye mfuko wake peke yake. Samaki aliyekaa kwenye fomalini usimtumie tena kwa zebaki wala kwa isotopu, kile kipimo cha naitrojeni kinachoonyesha anakula ngazi gani.

Konokono na wadudu wa majini ni wazuri kwa kuonyesha tofauti ya mahali na mahali, lakini wana mtego. Kwenye mnofu wa samaki anayekula samaki wenzake, zebaki karibu yote ni methilizebaki, mara nyingi zaidi ya asilimia 85, kwa hiyo kipimo cha zebaki jumla kinatosha na ni nafuu. Kwa konokono sehemu hiyo hupanda na kushuka sana, na tumboni mna tope. Ukipima zebaki jumla ya konokono mzima chini ya mwalo wa dhahabu, unaweza kuwa unapima tope alilokula asubuhi. Waache saa 24 kwenye maji safi watoe uchafu, kisha uwatoe kwenye gamba.

Kijito kimoja ni kimoja

Kosa linaloangusha wengi kwenye utetezi ni hili: kambare 30 wa kijito chenye wachimbaji, kambare 30 wa kijito kisicho na wachimbaji, jaribio la t, p ndogo, hitimisho kubwa. Hapo huna sampuli 60. Kwa swali la uchimbaji una sampuli moja kila upande, kwa sababu vijito hivyo viwili vinatofautiana kwa mambo mengine kumi: kinamasi, kina, mashamba, mifugo inayonywa humo. Afadhali vijito vinane vyenye samaki kumi kumi kuliko viwili vyenye arobaini arobaini. Kwenye uchambuzi, kijito kiingie kama kigezo nasibu (random effect) katika modeli mseto (mixed model), na urefu wa samaki uingie kama kigezo cha kudumu (fixed effect).

Vijito vya kulinganishia visitafutwe mbali. Mwamba wenye dhahabu unaweza kuwa na zebaki yake ya asili, na udongo unaomomonyoka pamoja na moshi wa kuchoma mapori huleta zebaki ziwani bila mchimbaji yeyote. Tafuta kijito cha juu ya machimbo au bonde la jirani lenye mwamba uleule. Wengine hukimbilia maji ya kisiwa cha Rubondo kwa kuwa ni hifadhi ya taifa na uvuvi wa biashara hauruhusiwi. Ni pazuri kwa kulinganisha ziwa na ziwa, ila vibali vyake anza kuvifuatilia miezi mingi kabla, na ukumbuke zebaki ya hewani haisomi mabango ya hifadhi.

Urefu, urefu, urefu

Methilizebaki huingia upesi na hutoka polepole mno, hivyo samaki mkubwa ana zaidi ya mdogo hata kama wamekaa maji yaleyale. Kwa sangara mambo ni makali zaidi kwa sababu hubadilisha chakula. Akiwa mdogo anakula sana uduvi wa ziwa, Caridina nilotica. Akikua anahamia furu, dagaa na watoto wa sangara wenzake. Mstari wa zebaki dhidi ya urefu unaweza kupinda pale anapohama chakula, na aliyepima wakubwa tu au wadogo tu haoni kitu.

Samaki wa mwaloni hawakupi ukubwa wote. Utaratibu wa kuruhusu sangara wa sentimita 50 hadi 85 tu uliotumika miaka mingi, na viwanda vya minofu vyenye matakwa yao, umefanya soko lionyeshe wa katikati. Wadogo wanauzwa kimyakimya na hutawaona mezani. Kwa hiyo usichukue wanaokuja tu. Panga madaraja ya urefu, tuseme kila sentimita 10, na ujaze kila daraja samaki watatu hadi watano. Idadi ya 25 hadi 30 kwa kila spishi, iliyotandazwa kwenye madaraja, ina nguvu kuliko 60 wa kimo kimoja. Badili zebaki na urefu kuwa logi kabla ya kuchora mstari, kisha ripoti zebaki ya samaki wa urefu mmoja uliokubaliwa, kwa mfano kambare wa sentimita 40, kwa kila kijito. Wastani mtupu wa samaki wasiolingana urefu hauna faida kwa yeyote.

Urefu pimia ubaoni, toka mdomo uliofumbwa hadi ncha ya mkia, na useme kwenye tasnifu kwamba ni urefu mzima. Wengine hupima hadi kwenye panda ya mkia, na data mbili za namna tofauti haziwezi kuunganishwa baadaye.

Kukata

Mnofu utoke mgongoni, upande wa kushoto, chini ya pezi la mgongo na juu ya mstari wa ubavuni, bila ngozi wala magamba. Gramu 10 hadi 20 zinatosha kwa zebaki, isotopu na akiba. Kisu cha chuma kisichoshika kutu au cha kauri. Kati ya samaki na samaki kisuuzwe kwa maji safi ya maabara, kipanguswe na ethanoli, kisuuzwe tena. Glovu zisiwe na unga. Kata kipande kikubwa kidogo kuliko unachohitaji, kisha maabara uondoe nje yake na kuchukua kiini: uchafu wa mwaloni unakaa juu.

Vyombo vya plastiki na kioo viloweke kwenye asidi ya naitriki ya asilimia 10 kwa saa 24, suuza mara tatu, kausha ukiwa umevifunika. Kama timu yako inapita pia kwenye mialo ya dhahabu, mabuti, ndoo na daftari vya huko visikae kwenye boksi moja na vyombo vya samaki. Tone moja la zebaki lisiloonekana kwenye soli ya kiatu linaweza kuwa na zebaki kuliko kipande kizima cha mnofu ulichokata. Wala simzungumzii mtu mzembe.

Pima uzito wa kipande palepale, kabla ya barafu. Ushauri huu hupuuzwa kuliko wote, na hasara yake ni ya kihesabu. Mnofu mbichi una maji kama asilimia 80. Ukikaa kwenye friza linalozimwazimwa na umeme, ndani ya mfuko usiobana, maji huondoka na zebaki hubaki. Mnofu uliokuwa na miligramu 0.20 kwa kilo ukishuka kutoka maji asilimia 80 hadi 70, mashine itasoma 0.30. Umeongeza nusu nzima bila gramu moja ya zebaki kuingia. Mfuko utolewe hewa, uwekwe ndani ya mfuko wa pili, lebo ya penseli kati ya mifuko miwili kwa sababu wino hufutika, kisha nyuzi joto hasi 20.

Ukaushaji kwa ubaridi na ombwe ndio bora. Kama hakuna, tanuri lisizidi nyuzi 60. Tanuri la nyuzi 105 la kupimia unyevu lisitumike kwa kipande utakachopimia zebaki. Kila samaki awe na asilimia yake ya maji, usitumie ya vitabuni. Kurudi kwenye uzito mbichi ni kuzidisha: miligramu 0.90 kwa kilo kavu, maji asilimia 79, ni 0.90 mara 0.21, yaani 0.189. Vikomo vya chakula vyote ni vya uzito mbichi. Tasnifu inayolinganisha 0.90 hiyo na kikomo cha 0.5 na kutangaza hatari imekosea jambo ambalo mtahini atalishika ukurasa wa kwanza wa matokeo.

Maabara

Ukipata mashine inayochoma sampuli moja kwa moja na kunasa mvuke kwenye dhahabu, shukuru: miligramu 20 hadi 50 za unga mkavu, dakika chache, bila asidi. Udhaifu wake ni kumbukumbu. Ukiweka tope la marudio lenye zebaki nyingi, samaki watakaofuata watasomeka wachafu. Samaki wapime kwanza, mashapo mwisho, na baada ya sampuli nzito chomesha vyombo vitupu mpaka usomaji urudi chini.

Kama huna mashine hiyo, njia ya mvuke baridi inahitaji uyeyushe kwanza. Gramu nusu ya mnofu kwenye asidi ya naitriki, chombo kilichofungwa, kwa sababu cha wazi kinapoteza zebaki. Hapa kuna kosa linalojificha: kloridi ya stani inayotoa mvuke hugeuza zebaki isiyo ya kikaboni tu. Methilizebaki isipovunjwa yote kwa kioksidishaji kama pamanganeti na pasalfeti, inabaki kimya kwenye chupa na samaki anaonekana msafi. Utaligundua kwa sampuli rejea pekee, yaani ile ambayo zebaki yake inajulikana tayari, tena iwe ya samaki. Chumvi ya zebaki ya kiwango haitakuonyesha, kwa kuwa haina cha kuvunjwa. DORM-4, unga wa samaki wa Baraza la Utafiti la Kanada, ina takriban miligramu 0.41 kwa kilo. Ikisoma 0.25, tatizo liko hapo.

Kwa kila kundi la sampuli 20 weka tupu mbili (zisizo na mnofu), rejea mbili na rudio mbili (mnofu uleule kupimwa tena). Rejea irudi kati ya asilimia 90 na 110. Vipimo rudio vya mnofu uleule visipishane zaidi ya asilimia 10, na vikipishana kwa kawaida ni unga haukusagwa sawasawa. Kikomo cha kuhesabika ni mara kumi ya mkengeuko wa kawaida wa sampuli tupu. Zilizo chini yake usizijaze sifuri wala nusu ya kikomo. Kuna mbinu za takwimu za data iliyofichwa, na programu ya R inazo bure.

Mashapo yana ukorofi wake. Matone ya zebaki hayasambai sawa kwenye mchanga, hivyo vijiko viwili vya tope moja vinaweza kupishana mara kumi. Chekecha hadi chini ya maikromita 63, changanya sampuli ndogo tano kuwa moja, pima na mata ogani kwa kuchoma nyuzi 550 kwa saa nne. Kuhusu maji nina neno moja tu kwa mwanafunzi asiye na chumba kisafi cha vipimo vya nanogramu: acha.

Isotopu, kama bajeti inaruhusu

Naitrojeni 15 hupanda kama 3.4 kwa elfu kila ngazi ya mnyororo wa chakula, hivyo hukuonyesha kama kambare wa kijito A ana zebaki zaidi kwa sababu ya mgodi au kwa sababu tu anakula ngazi ya juu. Lakini bila msingi haina maana. Ziwani mwani wa kijani-bluu unaovuta naitrojeni ya hewani hushusha thamani za mnyororo wote, na vijitoni samadi na maji ya vyoo huzipandisha. Chukua konokono au kome kila kituo ili uwe na sifuri ya mahali hapo, kisha uitoe kwenye thamani ya samaki.

Kwa mlaji

Kiwango cha WHO na FAO cha mwaka 2003 ni maikrogramu 1.6 za methilizebaki kwa kilo ya mwili kwa wiki. Mama wa kilo 60 ana nafasi ya maikrogramu 96. Akila gramu 200 za samaki kila siku, ni gramu 1,400 kwa wiki. Samaki wa miligramu 0.05 kwa kilo humpa 70, yuko salama. Samaki wa 0.20, ambaye yuko chini kabisa ya kikomo cha biashara cha 0.5, humpa 280, karibu mara tatu ya nafasi yake. Kikomo hakikuandikwa kwa mtu anayekula samaki kila jioni, kwa hiyo tasnifu ya Kanda ya Ziwa isiishie kwenye kikomo. Uliza kaya zinakula nini, kiasi gani, mara ngapi, na upime kwenye mizani sufuria ya nyumba chache. Kukaanga hakuondoi kitu: methilizebaki imeshikana na protini, haiko kwenye mafuta, na maji yakitoka inazidi kukolea.

Dagaa waliokaushwa wana maji machache, kwa hiyo takwimu yao itaonekana kubwa. Kabla ya kulinganisha irudishe kwenye uzito mbichi, au hesabu kwa gramu kavu zinazoingia sufuriani. Walioanikwa chini wana mchanga. Kama unauliza kuhusu ziwa, chukua wabichi kwenye mtumbwi. Kama unauliza kuhusu mlaji, nunua sokoni na uwaoshe kama mpishi anavyowaosha, maji yaleyale, mara zilezile.

Mapanki nayo yana hesabu yake. Minofu ya sangara inapopanda ndege, mafuvu na mifupa hubaki Mwanza na kuliwa. Ukisaga panki zima pamoja na mfupa, mfupa unazimua na takwimu inashuka. Kwangua nyama iliyobaki kwenye mifupa na ya mashavuni, ipime peke yake, kisha pima uzito wa nyama hiyo kwa kila panki moja.